Heri Mkaguzi Mkali Kuliko Cheti Chepesi

Hebu msomaji tuwazie shule moja ambayo, msimu wa mitihani ya kitaifa unapowadia, mwalimu mkuu wake huruhusiwa kujitafutia msimamizi wa mtihani. Huwaita watu watatu ofisini, akawauliza ada yao ni kiasi gani na watakaa siku ngapi, kisha akamteua anayempendeza na kumlipa kutoka hazina ya shule. Hapana mzazi katika nchi hii ambaye angeyaamini matokeo ya shule hiyo. Walimu wenyewe wangekuwa wa kwanza kucheka.

Lakini iko sekta moja, tena sekta ambayo maisha ya maelfu ya watu huitegemea kila saa, ambamo utaratibu wa namna hiyo ni halali na ni wa kila siku. Hiyo ni sekta ya kuunda ndege, roketi na setilaiti. Kiwanda kinachotengeneza kipuri cha ndege ndicho hujichagulia mkaguzi wa kukipa cheti cha ubora, ndicho huelewana naye bei, na ndicho humlipa.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba, madhali utaratibu ndio huo, namna kiwanda kinavyomchagua mkaguzi wake ndio mtihani wake wa kwanza. Anayetafuta mkaguzi mpole amekwisha kufeli kabla mkaguzi hajabisha hodi.

Tuanze na chimbuko la cheti chenyewe. Mwaka 1959 jeshi la Marekani lilitoa waraka uliowataka wauzaji wake wawe na utaratibu wa kuhakikisha ubora tangu mwanzo wa kazi, badala ya kungoja bidhaa ikamilike ndipo ichunguzwe. Fikira hiyo ilivuka bahari. Uingereza ilitoa kiwango chake cha kitaifa mwaka 1979, na mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, likatoa kiwango cha ISO 9001, ambacho leo kinajulikana hata na makarani wa ofisi za kwetu, maana cheti chake hutundikwa ukutani kando ya picha ya rais.

Waundaji wa ndege waliona kwamba kiwango hicho ni kizuri lakini hakiwatoshi. Kiwanda cha biskuti na kiwanda cha magurudumu ya ndege haviwezi kupimwa kwa mizani ile ile. Mwaka 1998 makampuni makubwa ya sekta hiyo yaliunda muungano wa kimataifa wa ubora uitwao IAQG, na mwaka 1999 kikatolewa kiwango cha AS9100. Ulaya hukiita EN 9100, na Japani hukiita JISQ 9100, lakini kiini ni kimoja. Ndani yake mna masharti yote ya ISO 9001, kisha mna ya ziada: kipuri kiweze kufuatiliwa hadi kwenye malighafi iliyokizaa, vipuri bandia vizuiwe, kipuri cha kwanza kipimwe kikamilifu kabla ya vingine kufuata, na wafanyakazi waelewe jinsi kazi ya mikono yao inavyogusa usalama wa abiria. Wanaokarabati ndege wana kiwango chao, AS9110, na wanaosambaza vipuri wana AS9120.

Kabla ya hapo, kila kampuni kubwa ilituma wakaguzi wake kwa wauzaji wake. Kiwanda kimoja kidogo kingeweza kutembelewa na wakaguzi wa makampuni mbalimbali, kila mmoja na orodha yake ya maswali. Kiwango kimoja kilikusudiwa kupunguza adha hiyo: mkaguzi mmoja wa nje, anayeaminiwa na wote, aingie kwa niaba ya wote. Ndiposa cheti kikawa kama tiketi ya soko. Asiyekuwa nacho huona taabu kupata kazi kwa waundaji wakubwa.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea. ISO haitoi vyeti. Kazi yake ni kuandika viwango. Vyeti hutolewa na mashirika mengine, aghalabu ya kibiashara, ambayo wakaguzi wao ndio huzuru viwanda. Nayo mashirika hayo hukaguliwa na vyombo vya ithibati, mathalani ANAB nchini Marekani, UKAS nchini Uingereza, na KENAS hapa kwetu Kenya. Kwa lugha ya shuleni, yuko anayetunga silabasi, yuko anayetahini, na yuko anayempa mtahini kibali cha kutahini. Ngazi hizo tatu zisichanganywe, kwa kuwa aghalabu walaghai hujificha katika mchanganyiko huo.

Sasa tufikie fundo lenyewe. Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Shirika la kutoa vyeti lina mishahara ya kulipa, lina washindani, na mapato yake hutoka katika mfuko wa yule yule anayekaguliwa. Mkaguzi wake akiandika dosari kumi na mbili, ilhali wa jirani huandika mbili, mteja asiye mwaminifu hatasita kuhama mwaka unaofuata. Si lazima bahasha ipitishwe chini ya meza. Inatosha kwamba mkaguzi anajua nani humlipa, na kwamba mteja anajua kuwa mkaguzi anajua. Ulegevu huingia polepole kama unyevu ukutani, na hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kuinyoshea kidole akasema hapa ndipo tulipoharibikiwa.

Sekta yenyewe haikuufumbia macho udhaifu huo. Kanuni ya kimataifa inayotawala mashirika ya vyeti, ISO/IEC 17021, hulikataza shirika kumshauri mteja jinsi ya kujenga mfumo ambao baadaye litaukagua. Mtu aliyekuwa mshauri wa kiwanda haruhusiwi kurudi kama mkaguzi wa kiwanda hicho kabla ya miaka miwili kupita. Katika sekta ya anga, waundaji wa ndege huenda mbele zaidi. Hushiriki wenyewe katika kuyasimamia mashirika ya vyeti, huweka masharti ya elimu na uzoefu kwa wakaguzi, na wana sajili ya pamoja iitwayo OASIS ambamo viwanda vyenye vyeti huorodheshwa ili mnunuzi ajithibitishie mwenyewe. Hizo ni kuta nzuri. Lakini ukuta humzuia mwizi aliye nje. Haumzuii mwenye nyumba anayemfungulia mlango.

Athari za ulegevu wa kuchunguza ubora si za kubuni. Februari 24, 2009, roketi ya Taurus XL iliruka kutoka kituo cha Vandenberg, California, ikiwa imebeba setilaiti ya NASA iliyokusudiwa kupima gesi ya kaboni katika anga ya dunia. Kifuniko kinachoikinga setilaiti kwenye ncha ya roketi kilitakiwa kuachana na roketi baada ya kupita sehemu nzito ya hewa. Hakikuachana. Kwa uzito huo wa ziada roketi haikuweza kufika ilikokusudiwa, na setilaiti ikatumbukia baharini. Machi 4, 2011, roketi ya aina ile ile ilibeba setilaiti nyingine iliyoitwa Glory. Kifuniko kikagoma tena, na Glory nayo ikaishia baharini. Hasara ya safari hizo mbili ilipita dola milioni 700.

Mwaka 2019 NASA ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake. Alumini iliyotumika katika kiungo kilichotakiwa kupasuka ili kifuniko kiachane na roketi ilitoka kwa kampuni ya Sapa Profiles ya jimbo la Oregon. Katika kampuni hiyo, matokeo ya majaribio ya nguvu ya metali yalikuwa yameghushiwa kwa muda wa miaka 19, tangu 1996 hadi 2015, na maelfu ya hati za kuthibitisha ubora zilitumwa kwa mamia ya wateja. Jaribio lenyewe si gumu kulielewa. Kipande cha metali huvutwa na mashine hadi kikatike, na mashine hutoa nambari inayoonyesha kilihimili nguvu kiasi gani. Pale nambari ilipokuwa mbaya, mkono wa binadamu uliandika nyingine. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni bonasi zilizotegemea wingi wa bidhaa. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 46, na msimamizi mmoja wa maabara akahukumiwa kifungo.

Tujiulize: mkaguzi wa namna gani angeligundua jambo hilo? Si yule anayeketi katika chumba cha mikutano, akaletewa chai na mandazi, akafungua faili baada ya faili na kuona kwamba kila hati ina sahihi na mhuri. Hati zilikuwa na nambari nzuri; hiyo ndiyo maana ya kughushi. Angehitajika mkaguzi anayeteremka hadi maabara, akaomba sampuli ivutwe mbele ya macho yake, na akalinganisha nambari iliyotoka kwenye mashine na nambari iliyoandikwa kwenye hati. Kisha angejichagulia mwenyewe, bila kuchaguliwa na mwenyeji, hati ya miezi minane iliyopita, akadai rekodi ya mashine ya siku hiyo. Isitoshe, angeuliza swali ambalo halimo katika faili lolote: je, watu wa maabara hii hulipwa nini bidhaa zikitoka nyingi, na hupoteza nini wakisema hapana?

Basi meneja wa kiwanda, tuseme kiwanda cha watu 40 kinachotengeneza bawaba za milango ya ndege, atamchaguaje mkaguzi wake?

Kwanza, aitazame ithibati. Asiridhike na nembo iliyochapwa kwenye barua, maana nembo ni wino tu. Aulize shirika hili limepewa ithibati na nani, na iwapo ithibati hiyo inafika kwenye AS9100 au inaishia kwenye ISO 9001. Shirika linaweza kuwa halali kabisa katika kukagua viwanda vya maziwa na lisiwe na ruhusa yoyote katika mambo ya ndege. Mkataba wa kazi ukitaka cheti chenye ithibati, cheti kisichokuwa nayo hakitamfaa mnunuzi hata kikitiwa katika fremu ya dhahabu.

Pili, amtazame mtu. Jina la shirika huwa kwenye cheti, lakini anayeingia kiwandani ni mtu. Mashirika makubwa yana wakaguzi hodari na yana wakaguzi wa kawaida, kama ilivyo kwa walimu katika shule yenye sifa. Meneja ana haki ya kuuliza ni nani hasa atakayekuja, amefanya kazi wapi, na kama amewahi kukaa miaka katika karakana ya aina yake. Anayekagua kazi ya kupasha metali moto ili iwe ngumu sharti ajue tanuri hudanganya vipi. Anayekagua uchomeleaji sharti ajue dosari zinazojificha ndani ya kiungo ambacho nje kinang'aa. Mkaguzi asiyejua kazi atakagua mambo anayoyajua, yaani tarehe, sahihi na kurasa.

Tatu, auangalie uhuru wa mkaguzi. Shirika likija na ahadi kwamba litakuandikia vitabu vya taratibu, litawafundisha wafanyakazi wako, halafu lenyewe litakukagua na kukupa cheti, likimbie. Ahadi hiyo si nafuu hata kidogo. Ni kesi ya nyani kupewa ngedere aamue. Hali ni hiyo hiyo hata ushauri ukitolewa na kampuni nyingine yenye mwenyewe mmoja na hilo. Anayehitaji mshauri na amtafute mahali pengine, na mshauri huyo asiwe na hisa katika jibu la mkaguzi. Vilevile ajihadhari na anayeahidi cheti kabla hajaona kiwanda. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nne, azitazame siku kabla ya kuitazama bei. Muda wa ukaguzi haukisiwi ovyo. Hukadiriwa kwa idadi ya wafanyakazi, idadi ya mahali pa kazi na ugumu wa kazi yenyewe, na iko kanuni inayoweka kiwango cha chini. Mashirika mawili yakisema kazi itachukua siku sita na la tatu likasema siku tatu, la tatu halikugundua njia mpya ya kufikiri. Limepunguza kuona. Meneja aulize siku hizo tatu zilizopotea zingetumika kuangalia nini, na jibu litamwambia anachonunua. Akumbuke pia kwamba hanunui siku moja ya sherehe. Ukaguzi wa kwanza huwa na hatua mbili, moja ya kupima kama kiwanda kiko tayari na nyingine ya kukikagua kikamilifu. Kisha hufuata ukaguzi wa kila mwaka, na cheti huhitaji kuhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Hesabu ya bei iwe ya miaka yote mitatu.

Tano, awaulize wateja wa zamani. Lakini asiwaulize kama walimpenda mkaguzi, kwani swali hilo huzaa jibu la adabu. Awaulize: mkaguzi huyu aliwaonyesha nini ambacho ninyi hamkuwa mnakijua? Iwapo kiwanda kimekaguliwa miaka mitatu na mwenyewe hakumbuki jambo hata moja alilojifunza, basi kililipia uchoraji wa maua kwenye karatasi.

Yapo malalamiko ambayo ni haki kuyasikiliza. Mwenye kiwanda kidogo atasema kwamba mkaguzi mkali ni anasa ya matajiri. Kila dosari kubwa inayoandikwa humchelewesha kupata cheti, cheti kikichelewa zabuni hupotea, na zabuni ikipotea vijana wake wanakwenda nyumbani bila mshahara. Pale ambapo mkaguzi mwenye sifa hulazimika kutoka ng'ambo, nauli na malazi huongezwa juu ya ada. Malalamiko hayo si porojo. Mtu mwenye deni la benki hawezi kulishwa maneno ya hekima.

Hata hivyo hesabu yake ina pengo. Dosari haizaliwi siku inapoandikwa; huwa imekwisha kuwako. Mkaguzi akiiona Januari, gharama yake ni wiki chache za marekebisho. Mnunuzi akiiona Juni, gharama yake ni shehena nzima kurudishwa. Ikionekana angani, hapana anayeweza kuitaja bei yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndiyo maana nadai kwamba kiwanda kidogo kinamhitaji mkaguzi mkali kuliko kikubwa: kikubwa kinaweza kulipa fidia na kuendelea, ilhali kidogo hufa kwa kosa moja.

Mwaka 2023 ulileta funzo lingine. Iligunduliwa kwamba kampuni ya AOG Technics ya London ilikuwa imeuza vipuri vya injini za ndege vikiwa na hati za kughushi. Mashirika ya ndege katika nchi mbalimbali yalilazimika kuvisaka vipuri hivyo ndani ya injini na kuving'oa. Waliozua shaka ya kwanza walikuwa mafundi wa shirika la ndege la Ureno, TAP. Waliona kipuri ambacho sura yake ilikuwa kuukuu kuliko hati yake ilivyodai. Mafundi hao walikiamini chuma kabla ya karatasi. Hiyo ndiyo tabia ya mkaguzi mwema, na yeyote anayemtafuta mkaguzi na amtafute mwenye jicho la namna hiyo.

Kwetu Kenya jambo hili si hadithi ya mbali. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ya aina ya Boeing 737 MAX iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuondoka Addis Ababa. Watu wote 157 walikufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya, idadi kubwa kuliko ya taifa lingine lolote. Miezi mitano kabla ya hapo, ndege ya aina hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka nchini Indonesia na kuua watu 189.

Ni lazima tuseme kweli hapa. Chanzo cha maafa hayo hakikuwa cheti cha AS9100. Ilikuwa dosari katika usanifu wa ndege, programu iliyosukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kipimo cha kihisio kimoja. Usanifu wa ndege huidhinishwa na serikali kwa utaratibu mwingine. Lakini fundo ni lile lile. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilikuwa imekabidhi sehemu kubwa ya kazi ya kuidhinisha kwa wafanyakazi wa Boeing wenyewe, watu waliolipwa mshahara na kampuni waliyotakiwa kuichunguza. Kamati ya Bunge la Marekani iliukosoa vikali utaratibu huo katika ripoti ya Septemba 2020, na mwezi Desemba mwaka huo sheria mpya ikapitishwa ili kuurekebisha. Kinyozi hajinyoi, na akijaribu, hukatwa shingo abiria.

Wala somo halikuishia hapo. Januari 5, 2024, kibamba kilichoziba nafasi ya mlango wa ndege ya Alaska Airlines kiling'oka ndege ikiwa bado inapaa. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Wachunguzi waligundua kwamba bolti nne za kukishikilia kibamba hicho hazikuwako. Kilikuwa kimefunguliwa kiwandani ili mafundi warekebishe ribiti zilizokuwa na kasoro, kikarudishwa bila bolti, na hapakuwa na rekodi ya kufunguliwa kwake. Baada ya ukaguzi wa wiki sita, FAA ilitangaza mwezi Machi kwamba imekuta mara kadhaa ambapo Boeing na mgavi wake, Spirit AeroSystems, hawakutimiza masharti ya kudhibiti ubora. Kazi iliyofanywa bila kuandikwa ndiyo adui mkubwa wa mkaguzi, kwa kuwa faili lisilokuwako haliwezi kufunguliwa. Mkaguzi hulipata tu kwa kusimama karibu na ndege na kumwuliza fundi: jana mlifungua nini?

Swali hilo lina maana tu kama fundi anaweza kulijibu bila kuogopa. Hapa ndipo ulipo mpaka wa kazi ya mkaguzi. Hata akiwa hodari vipi, hukaa siku chache na kuona sampuli chache. Hawezi kuiona kila bawaba. Anachoweza kupima ni iwapo kiwanda hujiona chenyewe siku ambazo yeye hayupo. Meneja anayechagua mkaguzi mkali huwatumia wafanyakazi wake ujumbe mzito kuliko hotuba: humu ndani ukweli hauadhibiwi. Anayechagua mpole huwaambia kinyume chake, nao husikia vizuri.

Nimeyaelekeza haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu tabia ya kukaguliwa haianzi kiwandani. Huanza shuleni. Sote twaijua siku ya kuja kwa mkaguzi wa shule. Mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, vitabu vilivyofungiwa kabatini hutolewa, na wanafunzi hufundishwa majibu ya maswali yanayotarajiwa. Maandalio ya kazi ya muhula mzima huandikwa kwa usiku mmoja kwa kalamu ya rangi moja. Mkaguzi huondoka ameridhika, na kesho yake vitabu hurudi kabatini. Mtoto aliyeketi dawati la nyuma ametazama yote hayo. Hakuna aliyemfundisha somo hilo, lakini amelijua kuliko hesabu: kwamba ukaguzi ni mchezo wa kuigiza, na mgeni akiondoka maisha huendelea.

Mtoto huyo huenda akasomea uhandisi. Baadhi ya vyuo vikuu vyetu hufunza uhandisi wa ndege, tuna shirika letu la anga za juu tangu 2017, na Aprili 2023 setilaiti ya Taifa-1 iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya ilirushwa kutoka Marekani. Hapana shaka kwamba baadhi ya wanaosoma makala haya watasimama siku moja mbele ya mashine ya kupima metali, ama kama mafundi ama kama wakaguzi, na nambari itakayotoka itakuwa mbaya saa kumi na moja jioni, shehena ikiwa tayari imepakiwa kwenye lori.

Wakati huo hakuna kanuni itakayomshika mkono. Kitakachomwongoza ni alichokiona kwa mwalimu wake siku mkaguzi alipobisha hodi. Kwa hiyo shule inayotaka kuwaandaa vijana kwa kazi za anga si lazima ianze na maabara ya ghali. Yaweza kuanza kwa kumwonyesha mkaguzi kabati lilivyo, vitabu vikiwa pungufu kama vilivyo, na kumwomba aandike alichokiona.